Herbert Chapman: meneja wa kiwanda aliyeijenga Arsenal

Mwezi Oktoba mwaka 1919 Herbert Chapman alikuwa na umri wa miaka 41. Alikuwa na mke, watoto, na kazi ya heshima ya usimamizi katika kiwanda cha mafuta kwenye mji mdogo wa Selby, kaskazini mwa Uingereza. Mpira wa miguu alikuwa ameuacha tangu Desemba ya mwaka uliotangulia. Mwezi huo wakuu wa soka waliamua kwamba yeye na viongozi wenzake wa klabu yake ya zamani, Leeds City, wafungiwe maisha. Asiwe meneja, asiwe katibu, asishike kazi yoyote katika klabu yoyote.

Kama mambo yangeishia hapo, leo jina lake lisingekumbukwa hata Leeds kwenyewe. Lakini haikupita miaka mitano mtu huyo akawa bingwa wa ligi ya England, na miaka kumi na miwili baada ya kufungiwa akaipa Arsenal ubingwa wake wa kwanza kabisa.

Wasikilizaji wetu wengi wanaoshabikia Arsenal wanamjua Arsène Wenger. Chapman hawamjui sana, ingawa mikono myeupe ya jezi wanayoivaa ni kazi yake. Makala hii inaeleza alitoka wapi, kiwandani alifuata nini, na kwa nini kazi ya meneja wa timu kama tunavyoifahamu sasa ina mkono wake.

Mtoto wa mchimba makaa

Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 huko Kiveton Park, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na mji wa Sheffield. Baba yake, John, alikuwa mchimbaji, na nyumba ilijaa watoto. Katika kijiji kama kile njia ya mtoto wa kiume ilijulikana mapema: akikua kidogo, anashuka shimoni. Herbert alikuwa na kichwa chepesi cha masomo. Alisoma uhandisi wa migodi katika chuo cha ufundi cha Sheffield, na kwa miaka mingi elimu hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yake. Mpira ukimtupa, ana pa kuangukia.

Na ulimtupa mara nyingi. Mdogo wake, Harry, ndiye aliyekuwa nyota wa familia, akatwaa ubingwa wa ligi na Sheffield Wednesday mwaka 1903 na 1904. Herbert alizunguka tu: Stalybridge, Rochdale, Grimsby, Swindon, Northampton, Sheffield United, Notts County, Tottenham. Huko Tottenham watu walimkumbuka zaidi kwa viatu vyake vya kuchezea vya rangi ya njano, wakati kila mtu uwanjani alivaa vya kahawia au vyeusi. Ukimsoma Chapman wa baadaye, mpenda mambo mapya, unaona viatu vile havikuwa bahati mbaya.

Mwaka 1907 alikuwa amejiandaa kuachana na mpira arudi kwenye uhandisi. Mchezaji mwenzake wa Tottenham, Walter Bull, alikuwa amepewa nafasi ya kuiongoza Northampton Town akaibadili nia, akamtaja Chapman badala yake. Northampton walikuwa wameshika mkia wa Ligi ya Kusini. Misimu miwili baadaye, mwaka 1909, walikuwa mabingwa wa ligi hiyo.

Alifanyaje? Alikaa akatazama. Aliona kwamba timu inayoshambulia muda wote inajikuta imebanana mbele ya lango la mpinzani, haina pa kupitia. Akawafundisha wachezaji wake kurudi nyuma, kuwaacha wapinzani wapande, kisha kupiga mpira haraka katika nafasi waliyoiacha. Leo kila mtangazaji wa mpira analitaja shambulizi la kushtukiza bila hata kufikiri. Wakati ule makocha wengi hawakuwa wakipanga chochote. Wachezaji kumi na mmoja waliingia, wakacheza walivyojua.

Kuna usajili mmoja wa Northampton ambao nisingependa tuupite. Mwaka 1911 Chapman alimchukua Walter Tull kutoka Tottenham. Tull alikuwa mtu mweusi. Baba yake alitoka kisiwa cha Barbados, na babu yake alizaliwa katika utumwa. Alikuwa ametukanwa vibaya na mashabiki wa timu pinzani kwa sababu ya rangi yake, na Tottenham walikuwa wamemweka pembeni. Huko Northampton alicheza zaidi ya mechi 100. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja alijiunga na jeshi la Uingereza, akapanda hadi kuwa afisa, jambo lililokuwa nadra mno kwa mtu mweusi, na akauawa vitani Ufaransa Machi 1918.

Kiwanda cha makombora

Mwaka 1912 Chapman alihamia Leeds City, timu ya daraja la pili. Mwaka 1914 waliishika nafasi ya nne, na kupanda daraja kulianza kuonekana. Halafu vita ikalipuka. Ligi ilisimamishwa mwaka 1915. Yakabaki mashindano ya mikoa, wachezaji wakiazimwa huku na kule, kulingana na kambi ya jeshi au kiwanda walikopangiwa.

Mwaka 1916 Chapman aliacha kazi ya kila siku ya klabu akawa meneja katika kiwanda cha kujaza makombora cha Barnbow, nje kidogo ya Leeds. Kazi za ofisi ya klabu zilibaki mikononi mwa wengine. Barnbow haikuwa karakana ya uchochoroni. Kilikuwa na wafanyakazi wapatao 16,000, wengi mno wakiwa wanawake, waliofanya kazi kwa zamu tatu usiku na mchana. Kilijengewa stesheni yake ya treni. Kilikuwa hata na shamba lake na ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa kemikali za baruti zilibadilisha ngozi za wafanyakazi kuwa njano, na maziwa yalidhaniwa kuwa kinga. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1916 mlipuko katika chumba kimoja uliua wanawake 35. Kazi ilirejea muda mfupi baadaye, kwa kuwa vita haikungoja.

Mahali kama pale, kosa dogo la mtu mmoja ni maziko ya wengi. Kila mtu ana kituo chake, kazi yake, na mkubwa mmoja anayemjibu. Chapman alifanya kazi huko miaka miwili. Baada ya hapo, Desemba 1918, alijiuzulu Leeds City rasmi na kuchukua usimamizi katika kiwanda cha mafuta cha Selby. Vita ilikuwa imekwisha, ligi ilikuwa karibu kurudi, na yeye akachagua viwanda. Hakuna aliyepewa sababu ya wazi, na hilo baadaye lilizua maneno.

Vitabu vilivyofichwa

Wakati wa vita kanuni ilikuwa rahisi: mchezaji asilipwe mshahara, arudishiwe tu gharama zake. Klabu nyingi ziliivunja kimyakimya. Leeds City ilishtakiwa na mchezaji wake wa zamani aliyegombana na uongozi kuhusu malipo. Alidai kwamba wachezaji wa kuazima walilipwa chini ya meza. Chama cha soka na ligi vikaagiza klabu ilete vitabu vyake vya hesabu. Wakurugenzi wakakataa.

Adhabu yake haikuwahi kuonekana kabla. Leeds City, ikiwa imecheza mechi nane tu za msimu mpya, ilifukuzwa kwenye ligi. Port Vale wakapewa nafasi yake na pointi zake. Oktoba hiyohiyo wachezaji wote walikusanywa katika hoteli ya Metropole mjini Leeds wakapigwa mnada kwa klabu nyingine, kama vyombo vya mtu aliyefilisika. Na Chapman, aliyekuwa Selby akisimamia mafuta, akafungiwa pamoja na waliobaki.

Je, alijua? Vitabu havikuletwa, kwa hiyo ushahidi haukuwahi kuwekwa mezani. Utetezi wake ulikuwa kwamba miaka ile ya malipo yeye alikuwa Barnbow, siyo kwenye ofisi ya klabu. Maelezo hayo yana uzito. Lakini mtu aliyekuwa akifuatilia kila kitu, hadi rangi ya soksi za wachezaji, ni vigumu kuamini kwamba hakusikia hata mnong'ono. Msikilizaji aamue mwenyewe.

Mwishoni mwa 1920 kiwanda cha Selby kiliuzwa na Chapman akapoteza kazi. Sasa hana mpira, hana kiwanda.

Waliomfuata walitoka Huddersfield, mji wa wafuma sufu ambako watu walipenda raga kuliko soka. Klabu yao, Huddersfield Town, ilikuwa nusura ife: baada ya Leeds City kufutwa, mwenyekiti wao alitaka kuihamishia timu nzima Leeds, na wananchi wakachangishana fedha kuizuia isiondoke. Huddersfield ndio waliomsaidia Chapman kukata rufaa, wakisisitiza hoja ya Barnbow. Rufaa ikakubaliwa, naye mwanzoni mwa 1921 akaingia kama msaidizi, na kabla ya msimu kwisha akawa katibu na meneja.

Hapa ndipo kiwanda kilipohamia uwanjani. Zamani hizo katika klabu nyingi wakurugenzi ndio waliopanga kikosi. Wafanyabiashara na wenye viwanda vya bia walikutana jioni, wakavuta sigara, wakapiga kura nani acheze Jumamosi. Aliyeitwa meneja alikuwa karani: anakata tiketi za treni, anaandika barua. Chapman alidai kuwa mkubwa mmoja wa kazi yote. Yeye anasajili, yeye anapanga kikosi, yeye anaamua mbinu, na yeye anajibu wakifungwa. Timu ya akiba na ya vijana nazo zikaamriwa kucheza kwa mtindo uleule wa timu kubwa, ili mtu akiumia, anayechukua nafasi yake aingie akiwa anaijua kazi. Mtu aliyewahi kusimamia zamu za kiwanda hawezi kushangaa mpango huo. Kwenye soka ulikuwa kitu kipya.

Alimnunua Clem Stephenson kutoka Aston Villa, mtu mwenye miaka zaidi ya thelathini ambaye wengi walidhani amekwisha, akampa unahodha. Mwaka 1922 walitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Preston bao 1-0. Mwaka 1924 walitwaa ligi, wakiwapita Cardiff City kwa uwiano wa mabao tu baada ya pointi kulingana. Mwaka 1925 wakaitwaa tena.

London

Mei 1925 tangazo la kazi lilitokea kwenye gazeti la michezo. Arsenal ya London ilitafuta meneja. Mwenyekiti, Sir Henry Norris, alieleza kwenye tangazo kwamba wanaodhani timu hujengwa kwa kumwaga fedha za usajili wasijisumbue kuomba. Arsenal walikuwa wamenusurika kidogo tu kushuka daraja. Hawakuwahi kushinda kombe lolote kubwa. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, na jina lake na alama ya mzinga vilitoka huko. Kwa mtu aliyetoka kwenye makombora ya Barnbow, ni kama alikuwa akienda kwa ndugu.

Mshahara unaotajwa ni pauni 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya alizokuwa akipata. Chapman akakubali, na akasema wazi kwamba ujenzi wa timu itakayoshinda utachukua miaka mitano.

Majira hayohayo kanuni ya kuotea ilibadilishwa. Kabla ya hapo mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli mpira unapopigwa. Sasa wakatosha wawili. Mabeki waliozoea kumtega mtu kwa kupanda hatua moja mbele wakajikuta uchi. Mabao ya daraja la kwanza yaliruka kutoka 1,192 msimu wa 1924-25 hadi 1,703 msimu uliofuata.

Arsenal nao walionja. Tarehe 3 Oktoba 1925 walipigwa 7-0 na Newcastle. Nahodha wao alikuwa Charlie Buchan, mshambuliaji aliyenunuliwa kutoka Sunderland kwa mkataba wa ajabu: pauni 2,000 mkononi, na pauni 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Alifunga 21, kwa hiyo Sir Henry aliyedhani amebana matumizi akalipa pauni 4,100. Usiku ule baada ya kipigo Buchan alikuwa amechukizwa. Tangu mwanzo wa msimu alikuwa akisema kiungo wa kati arudishwe nyuma awe beki wa tatu, akae katikati ya mabeki wawili, asimamie mshambuliaji wa kati wa wapinzani. Hotelini palepale kikao kikafanyika. Chapman akakubali. Kwa kuwa pengo lilibaki katikati, mshambuliaji mmoja wa ndani akarudishwa nyuma kidogo kuunganisha; kazi hiyo akapewa Andy Neil, mchezaji wa timu ya tatu asiye na mbio lakini mwenye akili ya mpira. Siku mbili baadaye walicheza na West Ham ugenini wakashinda 4-0.

Umbo hilo la wachezaji lilikuja kuitwa WM kwa sababu ukilichora kwenye karatasi linafanana na herufi hizo mbili. Lilienea duniani na kutawala kwa miaka thelathini. Sifa zake hupewa Chapman peke yake, na si haki kamili: wazo la beki wa tatu lilikuwa la Buchan, na wengine walikuwa wakilijaribu kwingine. Alichokuwa nacho Chapman ni masikio. Kila Ijumaa aliwakusanya wachezaji, akaweka mfano wa uwanja mezani, na kila mtu akaruhusiwa kusema. Katika enzi ambapo mchezaji alitarajiwa kuvua kofia na kunyamaza mbele ya mwajiri, kikao kama hicho hakikuwa jambo dogo.

Msimu huo Arsenal walimaliza wa pili, nyuma ya Huddersfield. Mwaka 1927 walifika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 1-0 na Cardiff baada ya mpira kumponyoka kipa wao Dan Lewis. Mwaka huohuo Sir Henry Norris alifungiwa na chama cha soka kwa matumizi mabaya ya fedha za klabu, akaondoka. Wakurugenzi waliobaki walimwachia Chapman usukani wote, na fedha za usajili ambazo tangazo lilizikataza zikaanza kutoka.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha David Jack wa Bolton, mwaka 1928. Bolton walitaka pauni 13,000. Chapman aliwakaribisha kwenye baa ya hoteli London, akiwa ametangulia kumweleza mhudumu: wageni wawekewe pombe maradufu, yeye na msaidizi wake wawekewe kinywaji kisicho na pombe ila kinachofanana. Baada ya saa kadhaa za ukarimu bei ilishuka hadi pauni 10,890. Hata hivyo ilikuwa rekodi, mara ya kwanza kwa mchezaji kuvuka pauni 10,000.

Mwaka uliofuata alimchukua Alex James kutoka Preston, kiungo mfupi wa Scotland aliyevaa kaptula pana kama gunia. Kanuni ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki, na James alitaka zaidi. Ikapatikana kazi ya pembeni katika duka kubwa la Selfridges, pauni 250 kwa mwaka, kuwaonyesha wateja vifaa vya michezo. Ilichunguzwa, ikaonekana halali. Mtu aliyewahi kufungiwa maisha kwa malipo ya chini ya meza alikuwa amejifunza jinsi ya kuyaweka juu ya meza.

Hakununua nyota peke yao. Cliff Bastin alitoka Exeter akiwa na miaka 17. Eddie Hapgood, aliyekuja kuwa nahodha wa England, alikuwa akiuza maziwa mitaani.

Miaka mitano ilitimia Aprili 1930. Fainali ya Kombe la FA pale Wembley iliwakutanisha Arsenal na Huddersfield, klabu zake zote mbili, na kwa heshima yake timu zikaingia uwanjani bega kwa bega badala ya kila moja kutoka peke yake. Desturi hiyo ipo hadi leo. Mechi ikiendelea, chombo kikubwa cha Wajerumani kilichoelea kwa gesi, Graf Zeppelin, kilipita juu ya uwanja. Arsenal walishinda 2-0, James akifunga la kwanza na Jack Lambert la pili. Msimu wa 1930-31 wakatwaa ligi kwa pointi 66 na mabao 127. Mwaka 1933 wakaitwaa tena.

Si kila mtu alifurahi. Miaka ile ya thelathini mdororo wa uchumi ulifunga migodi na viwanda vya kaskazini, watu kama wa Kiveton Park wakakaa bila kazi, na hapo London ikaonekana timu inayonunua yeyote imtakaye. Waliiita klabu ya Benki ya Uingereza. Walisema pia ina bahati tu, kwa vile ilikaa nyuma dakika nyingi kisha ikafunga kwa mashambulizi matatu. Januari 1933 Walsall, timu ndogo ya daraja la tatu, iliitoa Arsenal kwenye kombe kwa 2-0, na nchi nzima ikacheka. Kijana Tommy Black, aliyesababisha penalti siku hiyo, hakuruhusiwa kukanyaga Highbury tena. Aliuzwa Plymouth ndani ya siku chache. Chapman alijulikana kwa ukarimu kwa wachezaji wake, akiwauliza habari za wake na watoto. Kwa Black hakuwa na huruma, na waliompenda walikiri hilo.

Namba, taa na stesheni

Mengi aliyoyataka yalikataliwa akiwa hai. Agosti 1928 Arsenal, sawa na Chelsea siku hiyohiyo, waliingia na namba mgongoni. Wakuu wakazikataa, na ligi ikaja kuzilazimisha mwaka 1939. Mwaka 1932 alifunga taa Highbury ili mpira uchezwe usiku. Zilitumika kwa mazoezi tu. Mechi ya kwanza ya ligi chini ya taa England ilichezwa mwaka 1956. Alitaka mpira mweupe unaoonekana kwenye ukungu. Aliweka saa kubwa ya kuhesabu dakika 45, akaambiwa inamwingilia refa, ikabidi igeuzwe saa ya kawaida. Pamoja na rafiki yake Hugo Meisl wa Austria alizungumzia mashindano ya klabu za Ulaya, miaka zaidi ya ishirini kabla hayajaanza. Mwaka 1930 alitaka kumleta kipa wa Austria, Rudi Hiden. Akazuiwa bandarini kwa hoja kwamba atachukua kazi ya Mwingereza. Mwaka uliofuata ikatungwa kanuni iliyowafungia milango wageni hadi 1978.

Alichofanikiwa ni jina la stesheni. Treni ya chini ya ardhi ilisimama jirani na uwanja katika kituo kilichoitwa Gillespie Road. Chapman aliwasumbua wakuu wa reli mpaka mwaka 1932 wakakibadilisha kuwa Arsenal, ingawa ilibidi ramani na tiketi zote zichapwe upya. Kila abiria wa London, apende asipende, akawa anasoma jina la timu yake. Mwaka 1933 jezi nyekundu zikapewa mikono myeupe.

Wiki ya mwisho

Siku ya mwaka mpya wa 1934 Arsenal walikuwa wakiongoza ligi. Chapman alipanda treni kwenda Bury kutazama mechi. Kesho yake alikuwa Sheffield kuwapeleleza Sheffield Wednesday, wapinzani wake wa Jumamosi, na usiku akalala nyumbani kwao Kiveton Park. Alirudi London akiwa na mafua na homa. Daktari wa klabu alimwambia akae kitandani. Jumatano, kwenye baridi, akaenda Guildford kutazama timu ya tatu ikicheza, kwa sababu alikuwa hajaiona kwa muda.

Mafua yakashuka kifuani yakawa nimonia. Siku hizi tunajua dawa za nimonia, na mhudumu wa zahanati atakuhimiza usichelewe. Mwaka 1934 penisilini ilikuwa bado kitu cha maabara. Mgonjwa alifunikwa blanketi, akaombewa. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 6 Januari Chapman alifariki nyumbani kwake Hendon, akiwa na miaka 55. Baadhi ya wachezaji walijua walipofika uwanjani, wakisoma kwenye mbao za wauza magazeti. Mchana walicheza na Sheffield Wednesday kama ilivyopangwa, mbele ya umati uliosimama kimya, wakatoka sare 1-1. Wachezaji wake wakabeba jeneza: Jack, James, Bastin, Hapgood, Hulme na Lambert.

Arsenal walimaliza msimu huo wakiwa mabingwa, na mwaka 1935 wakawa mabingwa tena, mara ya tatu mfululizo. Klabu iliyokuwa ya kwanza England kufanya hivyo ni Huddersfield, mwaka 1924, 1925 na 1926. Timu zote mbili alizijenga Chapman. Ubingwa wa tatu wa Huddersfield aliutazama akiwa Arsenal, katika nafasi ya pili. Wa Arsenal ulipofika, alikuwa na zaidi ya mwaka kaburini Hendon.